Ajali, foleni, mpaka kufungwa: kompyuta inavyosoma mitandao ya kijamii

Lori likipinduka katika Barabara ya Mombasa karibu na Nairobi, wa kwanza kuitangaza habari hiyo mara nyingi si polisi wala redio. Ni abiria aliyekwama ndani ya matatu nyuma ya lori hilo, simu mkononi na hasira kifuani. Anaandika maneno saba au manane, anayatuma, kisha anarudi kuangalia saa yake.

Kwa mwenye kontena linalotoka bandari ya Mombasa kwenda Kampala, Kigali au Goma, maneno hayo saba yana thamani ya fedha. Nairobi imekaa katikati ya Ushoroba wa Kaskazini, njia inayolisha Uganda, Rwanda, Burundi, Sudan Kusini na mashariki ya Kongo. Taarifa rasmi za njia hiyo zipo. Mamlaka ya Uratibu wa Usafiri wa Ushoroba wa Kaskazini, yenye makao yake Mombasa, huchapisha takwimu za muda ambao mizigo inatumia bandarini, barabarani na mipakani. Lakini takwimu hizo zinaeleza mambo yalivyokuwa. Hazimwambii dereva aliyefika Emali kilichoko mbele yake saa hii.

Je, kompyuta inaweza kuzikusanya jumbe za wananchi mitandaoni na kutambua yenyewe kwamba tukio limetokea, mahali fulani, wakati tukio lenyewe bado linaendelea? Kwa matukio makubwa jibu ni ndiyo, na limekuwa ndiyo tangu mwaka 2010. Kwa matukio madogo, ambayo ndiyo yanayomla mfanyabiashara kila siku, jibu ni refu zaidi.

Ilianza na matetemeko ya Japani

Mwezi Aprili 2010 watafiti watatu wa Chuo Kikuu cha Tokyo, Takeshi Sakaki, Makoto Okazaki na Yutaka Matsuo, waliwasilisha utafiti wao katika mkutano wa kimataifa wa mtandao huko Raleigh, Marekani. Wazo lao lilikuwa jepesi kulieleza: kila mtu mwenye akaunti ya Twitter achukuliwe kama kifaa cha kupimia. Ardhi ikitikisika, kifaa hicho kinaandika.

Kompyuta yao ilikuwa ikitafuta maneno kama "tetemeko" na "inatikisika" katika jumbe za Kijapani. Hatua ya pili ndiyo iliyokuwa na kazi. Mtu anayeandika kwamba anahudhuria kongamano la matetemeko ametumia neno lile lile, lakini hakuna kilichotikisika. Kwa hiyo walifundisha programu kutenganisha jumbe za watu wanaoshuhudia tukio sasa hivi na jumbe za watu wanaozungumza tu, kwa kutazama idadi ya maneno, neno lilivyokaa katika sentensi, na maneno yanayolizunguka.

Matokeo yalikuwa kwamba mfumo huo uligundua asilimia 96 ya matetemeko yenye ukali wa daraja la 3 au zaidi katika kipimo cha Idara ya Hali ya Hewa ya Japani. Watu waliojiandikisha walitumiwa barua pepe, mara nyingine kabla ya dakika moja kwisha, wakati matangazo ya idara hiyo yalikuwa yakifika kwa wastani wa dakika sita baada ya tetemeko.

Marekani nako Idara ya Uchunguzi wa Jiolojia ilifanya jaribio kama hilo, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 2011. Kwa miezi mitano kompyuta ilihesabu jumbe zenye neno "tetemeko" katika lugha kadhaa, ikagundua matetemeko 48 duniani na kukosea mara mbili tu. Robo tatu ya matetemeko hayo yaligunduliwa ndani ya dakika mbili tangu yalipotokea. Mnamo Agosti 2014, tetemeko la Napa, California, liligunduliwa kwa sekunde 29.

Tarakimu hizo zinavutia, lakini kuna nyingine katika ripoti hiyo hiyo ambayo haitajwi sana. Katika miezi hiyo mitano, orodha ya mitambo ya idara ilikuwa na matetemeko 5,175. Jumbe za watu ziliona 48. Yaliyobaki yalikuwa madogo mno, au yalitokea mahali pasipo na watu wa kuandika.

Hesabu ya kelele

Namna kompyuta inavyojua kwamba kuna jambo haina uchawi wowote. Mwenye duka la jumla pale Kariakoo anajua kwamba Jumanne asubuhi huulizwa sukari na watu kumi hivi. Siku akiulizwa na watu sitini kabla ya saa nne, hahitaji gazeti kumwambia kwamba kuna kitu kimetokea kwenye soko la sukari. Kompyuta nayo inashika wastani wa muda mrefu wa neno fulani, na kuulinganisha na idadi ya dakika chache zilizopita. Tofauti ikizidi kiwango kilichowekwa, inatoa tahadhari.

Kiwango hicho ndicho kitovu cha mambo yote. Kikiwekwa chini, tahadhari zinafika mapema lakini nyingi ni za uongo. Kikiwekwa juu, uongo unapungua na habari inachelewa. Hakuna programu iliyokwepa uchaguzi huo. Anayeuziwa huduma ya namna hii na kuambiwa kwamba inafanya yote mawili aulize tena.

Watafiti wa Tokyo walitumia pia hesabu ya uwezekano. Chukua mfano kwamba kila ujumbe uliochujwa una nafasi ya asilimia 35 kuwa si wa kweli. Ujumbe mmoja ni wa kutilia shaka. Jumbe mbili za watu wawili wasiojuana, nafasi ya zote mbili kuwa za uongo inashuka hadi asilimia 12 hivi. Zikifika tano, ni nusu ya asilimia moja. Zikifika kumi, shaka imekwisha kabisa.

Hesabu hiyo ni sahihi kwa sharti moja: kwamba watu hao hawajuani, na kila mmoja ameona kwa macho yake. Sharti hilo lina habari yake mbele.

Nairobi: ripoti moja na nusu kwa ajali

Tetemeko linashuhudiwa na maelfu kwa sekunde moja. Ajali ya lori na pikipiki inashuhudiwa na wachache, na kati ya hao wachache zaidi wanaandika. Je, njia hiyo inaweza kufaa katika barabara za Afrika Mashariki?

Kenya haikuwa ngeni katika mambo haya. Januari 2008, wakati wa machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007, kikundi cha Wakenya kilianzisha Ushahidi, ramani ya mtandaoni iliyopokea ripoti za wananchi kwa ujumbe wa simu na kuziweka mahali palipotokea tukio. Baadaye programu hiyo ilitumika Haiti baada ya tetemeko la Januari 2010 na katika nchi nyingine nyingi. Ila pale kazi ya kusoma na kuhakiki ilifanywa zaidi na watu.

Kisha ikaja Ma3Route, huduma ya Nairobi inayopokea taarifa za barabarani kutoka kwa wasafiri na kuzirusha upya. Watafiti wa Benki ya Dunia na wenzao walizichukua jumbe 874,588 za aina hiyo, za kuanzia 2012 hadi 2020, wakaifundisha kompyuta kutambua zipi ni za ajali na ajali hiyo ilikuwa wapi. Utafiti wao ulichapishwa mwaka 2021.

Walipata ripoti 32,991 za ajali zilizoweza kuwekwa kwenye ramani. Walipounganisha zile zilizozungumzia ajali moja, wakabaki na ajali 22,872. Mfanyabiashara mwenye kikokotoo atagawanya mwenyewe: ni ripoti moja na nusu, hata haifiki, kwa kila ajali.

Hapa ndipo njia ya Japani inapokwama. Hakuna wimbi la jumbe la kuhesabu. Hakuna watu kumi wasiojuana. Kuna abiria mmoja ndani ya matatu, na labda wa pili. Kompyuta inalazimika kuuamini au kuukataa ujumbe mmoja kwa jinsi ulivyoandikwa.

Watafiti hao walifanya jambo ambalo wahandisi wengi hawalipendi kwa sababu lina gharama na halina fahari: walituma pikipiki. Huduma ya kusafirisha vifurushi kwa bodaboda ilipewa taarifa ya ajali iliyotajwa mtandaoni, na dereva akaenda pale pale kuangalia kama ajali ipo, na kama ipo mahali kompyuta ilipotaja. Asilimia 92 zilikuwa sahihi.

Faida yake haikuwa ya saa ile tu. Ramani ilionyesha kwamba nusu ya ajali zote zilizopatikana zilitokea katika sehemu za barabara zisizofika asilimia moja ya mtandao wote wa barabara za jiji. Kwa kampuni ya bima, kwa mwenye malori au kwa idara ya barabara, hiyo ni habari inayoweza kutumika kwa miaka.

"Mahali" si neno dogo

Sehemu ndogo sana ya jumbe huja na alama ya setilaiti inayoonyesha mwandishi alipo. Mwaka 2019 Twitter yenyewe iliondoa uwezo wa kuweka mahali kamili kwenye jumbe za kawaida kwa sababu watu wengi hawakuutumia. Kwa hiyo mahali panapatikana ndani ya maneno yenyewe, na maneno ya barabarani hayakuandikwa kwa ajili ya kompyuta.

"Ajali baada ya mzunguko wa pili, magari yamesimama mpaka stejini." Ajali iko kwenye mzunguko, au stejini? Binadamu anaelewa mara moja. Programu ya Nairobi ilibidi ifundishwe kwamba jina linalofuata neno kama "kwenye" au "karibu na" lina uzito kuliko jina linaloonyesha foleni imefika wapi. Ilibidi pia ipewe orodha ndefu ya majina kutoka ramani za kidijitali, pamoja na majina ya vituo vya mafuta, maduka na makanisa, maana wasafiri hawatumii namba za barabara.

Ukitoka Nairobi na kufuata malori, tatizo linakua. "Foleni mizani" ni ujumbe unaoeleweka kabisa kwa dereva wa Tanzania, lakini mizani ipi? Vigwaza, Mikese, Makambako au Mpemba? Upande wa Kenya ni Mariakani, Athi River, Gilgil au Webuye? Njia Panda ziko kila mkoa. Kibaoni iko Ifakara na iko Kilifi. Na mipakani ndiko kunakochekesha zaidi: Malaba ni mji wa Kenya na ni mji wa Uganda, Busia vivyo hivyo, Namanga na Mutukula nazo zina pande mbili. Ujumbe unaosema "Malaba hakuna kinachotembea" haujasema ni upande gani, na kwa mwenye mzigo hilo ndilo swali la kwanza.

Mtego wa Kiswahili

Programu nyingi za kusoma mitandao zimezaliwa katika Kiingereza, na zinapoletwa huku zinakuta lugha yenye tabia zake.

Neno lenyewe "mpaka" ni mfano wa kutosha. Ni mstari kati ya nchi mbili, na pia ni sawa na "hadi". Mashine inayohesabu neno "mpaka" ili kujua hali ya Namanga itakusanya kila mtu aliyesubiri mpaka akachoka na kila aliyecheka mpaka akalia. Ukiongeza neno "funga", ambalo lingefaa kueleza kituo kilichofungwa, unavuta mabao ya Simba na Yanga, na mwezi wa Ramadhani ukiingia unavuta nusu ya mwambao. "Moto" unaweza kuwa ghala linaloungua au wimbo mpya uliopendwa. "Mafuriko" wakati wa kampeni ni watu waliojaa uwanjani. Dereva anaposema "lori limelala Kitonga" anamaanisha limepinduka. Anaposema "tumelala Tunduma" anamaanisha wamekesha wakisubiri kuvuka kwenda Zambia.

Halafu kuna jinsi kitenzi kinavyojengwa. Umefungwa, haujafungwa, utafungwa, usifungwe, ungefungwa, umefunguliwa. Kwa mfanyabiashara hayo ni mambo sita tofauti, na tofauti kati ya hasara na faida imebebwa na herufi mbili au tatu za mwanzo au silabi moja ya mwisho. Programu inayokata maneno kwa nafasi zilizopo kati yake inayaona kama maneno sita yasiyo na undugu. Ile inayokata viambishi ili ibaki na mzizi "fung" inayaona yote kuwa neno moja, na hapo "haujafungwa" imekuwa habari ya kufungwa. Njia zote mbili zinakosea, kila moja kwa upande wake.

Programu za lugha za miaka ya karibuni, zilizosomeshwa kwa maandishi mengi ya lugha nyingi kwa pamoja, zinazielewa sentensi kama hizo vizuri zaidi kuliko zile za 2010. Bado zinababaika na Kiswahili cha barabarani, kile kinachochanganya Sheng, Kiingereza, Kiganda au Kilingala katika sentensi moja yenye makosa ya tahajia. Na hicho ndicho wanachoandika watu walio ndani ya foleni. Mwandishi wa Kiswahili sanifu yuko ofisini.

Nakala si shahidi

Sasa lile sharti la watu wasiojuana. Mnamo 23 Aprili 2013, akaunti ya Twitter ya shirika la habari la Associated Press ilitoa ujumbe kwamba kumetokea milipuko miwili Ikulu ya Marekani na Rais Barack Obama amejeruhiwa. Akaunti ilikuwa imedukuliwa. Hapakuwa na mlipuko. Lakini ujumbe ulirudiwa na maelfu, na katika dakika chache kipimo cha hisa cha Dow Jones kilikuwa kimeshuka kwa zaidi ya pointi 140. Thamani ya hisa za kampuni zilizo katika orodha ya S&P 500 ilipungua kwa takriban dola bilioni 136, kisha ikarudi ilipokuwa habari ilipokanushwa.

Walioshika hisa na kutulia hawakupoteza kitu. Waliouza kwa haraka, ikiwa ni pamoja na programu za kompyuta zilizowekwa kununua na kuuza kwa kufuata habari, ndio waliolipa.

Kwa mashine inayohesabu kelele tu, maelfu ya nakala ni maelfu ya mashahidi. Kwa hakika alikuwa shahidi mmoja, tena mwongo. Ndiyo maana mifumo mizuri huondoa jumbe zilizosambazwa upya, huunganisha zenye maneno yanayofanana, na hupunguza uzito wa zile zenye viungo vya kurasa za habari. Wamarekani wa matetemeko waligundua dalili nzuri: mtu aliyetikiswa kweli anaandika maneno machache sana na haweki kiungo chochote. Anayeandika aya nzima yuko mbali na tukio.

Katika biashara ya mipakani kuna hatari ya pili, nayo ni ya mtu mwenye nia. Uvumi kwamba nchi jirani imezuia mahindi kuingia unaweza kushusha bei shambani kwa siku mbili, na aliyeuanzisha akanunua. Kwa mfumo unaosubiri sauti kumi, kupata namba kumi za simu si kazi ngumu.

Ukimya

Oktoba 2012, kimbunga Sandy kilipoipiga pwani ya mashariki ya Marekani, jumbe nyingi za Twitter zilitoka Manhattan. Maeneo kama Rockaway na Coney Island yaliyoumia zaidi yalisikika kidogo, maana umeme ulikatika na simu zikaisha chaji. Anayesoma ramani ya jumbe hizo bila kujua angepeleka misaada mahali pasipostahili.

Katika njia za biashara za hapa, ukimya una sababu zaidi ya moja. Ya kwanza ni kwamba Nairobi ina waandikaji na Elegu, kwenye mpaka wa Uganda na Sudan Kusini, haina wengi. Ya pili ni kwamba madereva wa malori hawaandiki X. Wanazungumza kwenye makundi ya WhatsApp, kwa sauti zilizorekodiwa, na makundi hayo yamefungwa kwa siri. Hakuna kompyuta ya nje inayoweza kuyasikiliza, na sheria za kulinda taarifa binafsi za Kenya na Uganda za 2019 na ya Tanzania ya 2022 zinamhitaji anayetaka kukusanya taarifa za watu aeleze sababu. Habari bora za mpakani zipo, ila zimo humo.

Ya tatu ni fedha. Februari 2023 Twitter, iliyobadilishwa jina kuwa X mwezi Julai mwaka huo, ilitangaza kufunga mlango wa bure ambao watafiti na wabunifu walikuwa wakiutumia kuchukua jumbe. Mwaka huo bei zilizowekwa zilianzia dola 100 kwa mwezi, na kwa mahitaji makubwa zilifika dola 5,000 na kwenda mbele. Utafiti wa aina ya ule wa Nairobi ulifanyika enzi mlango ukiwa wazi.

Ya nne ni mamlaka. Uganda ilizima intaneti kwa siku kadhaa wakati wa uchaguzi wa Januari 2021. Tanzania ilizuia X kuanzia Mei 2025, na tarehe 29 Oktoba mwaka huo, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ikazimwa nchi nzima kwa siku kadhaa, wakati ambapo shughuli za Namanga nazo zilivurugika. Kwa kompyuta inayosubiri wimbi la jumbe, mchoro wa siku hizo ulikuwa umelala kama barabara ya usiku. Mfumo ulio na akili kidogo ungetoa tahadhari kwa sababu hiyo hiyo: neno linalotajwa mara mia kwa siku likitajwa mara sifuri, hiyo nayo ni tofauti na wastani.

Inamfaa nani, kwa bei gani

Chukua mwenye lori linalotoka Nairobi kwenda Kampala. Tarakimu zinazofuata ni za mfano tu. Kusimama Malaba kwa siku mbili kunamgharimu dola 300: posho ya dereva, marejesho ya mkopo wa lori, faini ya kuchelewesha kontena. Kupitia Busia kunamgharimu dola 90 zaidi, maana kubadili kituo cha kutokea si kugeuza usukani tu. Wakala wa forodha lazima arekebishe hati za mzigo kabla lori halijakata kona.

Gawanya 90 kwa 300. Akiamini kwa zaidi ya asilimia 30 kwamba Malaba pamefungwa, heri aende Busia. Haitaji uhakika. Ujumbe mmoja mzuri unatosha.

Mwenye saruji, ambaye kusubiri kunamla dola 120 tu, anahitaji uhakika wa asilimia 75 kabla ya kugeuza. Na yule anayekuja upande wa pili na lori la maziwa kutoka Uganda, ambaye siku mbili zinaweza kumpotezea dola 900, kwake asilimia 10 inatosha kumfanya ageuze. Tahadhari ni moja, wasomaji ni watatu, na kila mmoja ana sababu ya kufanya tofauti. Huduma inayowatumia wote neno "hatari" bila kusema uhakika ni kiasi gani haijamsaidia hata mmoja.

Kuna jambo moja ambalo hesabu hiyo haikuliweka. Tahadhari ikiwafikia wenye malori mia tano kwa wakati mmoja na wote wakageuka, Busia haitakuwa tena na gharama ya dola 90. Januari 2022 madereva waligoma kwa sababu ya gharama ya kupimwa Uviko-19 kabla ya kuingia Uganda, foleni zikawa ndefu Malaba na Busia kwa pamoja, na mafuta yakapanda bei nchini Uganda. Hapo hapakuwa na pa kukimbilia, na aliyejua mapema hakufaidika kwa kugeuza lori bali kwa kutolipakia.

Kampuni ya usafirishaji inayotumia huduma ya namna hii si lazima imwachie kompyuta uamuzi. Tahadhari inapoingia, karani wa ofisi anaweza kuangalia ni jumbe ngapi zisizo nakala, akatafuta ni gari lipi la kampuni liko karibu na mahali palipotajwa, na akampigia dereva wake kumwuliza anaona nini mbele yake. Simu hiyo inachukua dakika mbili, ambazo ni zile zile walizotumia Wamarekani kugundua matetemeko yao.